Ngazi za Mwalimu Aloyce

Isale liko jikoni kwangu, Soweto ya hapa Moshi, ndani ya glasi ya maji karibu na birika, na kila nikiingia kuchemsha chai nakutana nalo. Deo aliniletea asubuhi, kesho yake baada ya sisi kumzika Mwalimu Aloyce kule Uru. Alisimama mlangoni akiwa bado na suti ya msibani, amelishika jani lile refu la kijani kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa sote tangu utoto, akasema, "Dada Felista, nimekosa." Kwetu Uchaggani isale halikataliwi. Mtu anaweza kuwa amekuchomea banda na ng'ombe ndani. Akija na isale unapokea, na ukishapokea umesamehe, maneno yamekwisha. Ndivyo tunavyojisifu kwa wageni. Basi nilipokea. Sikumkaribisha ndani, sikumpa hata maji ya kunywa, lakini mkono wangu ulitoka wenyewe kabla sijaurudisha. Alipoondoka nililitia jani kwenye glasi, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikajipima kama mtu anavyopapasa jino linalouma. Hasira ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote.

Walimu wenzangu shuleni wananicheka. Hasira za miaka yote hii, wanasema, kwa ajili ya kitabu cha hesabu? Ndiyo, kwa ajili ya kitabu cha hesabu. Na kwa kuwa mwaka ule umesimuliwa vibaya pale msibani, tena kwa kipaza sauti, acha niusimulie mimi niliyekuwepo. Habari za kwetu sitazieleza. Watu wa Uru wanazijua, na wasiozijua hawajapungukiwa na kitu. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, na nilikuwa nimepata kibarua katika duka la Bi Shirin mjini Moshi. Mbele palikuwa na mashine ya fotokopi na madaftari ya shule. Nyuma kulikuwa na chumba chembamba chenye dirisha la nondo, na humo ndani kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha maua kilichodariziwa na mama mkwe wake. Chumba kile kilinuka wino wa mashine na vitunguu vya kukaangwa, kwa sababu Bi Shirin aliishi ghorofani na jiko lake lilikuwa juu ya kichwa changu. Saa ya kula alinishushia chapati na dengu, na achari ya ndimu iliyonitoa machozi. Alimgombeza mama mkwe kwa Kigujarati kupitia ngazini, akawagombeza wateja kwa Kiswahili kupitia kaunta, na katika lugha zote mbili hukuwa na haja ya mkalimani.

Mwalimu Aloyce aliingia dukani mwanzoni mwa mwaka ule, amevaa koti zito ingawa mjini kulikuwa na joto, amekumbatia mswada wake uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia usoni, maana macho yake yalikuwa yanatafuta mahali pa kutua. Akatoa karatasi ambayo mpiga chapa mwingine alikuwa amemchapia, akaitupa juu ya kaunta. Ilikuwa mstari mmoja mrefu wa mikwaju ya kugawanya na mabano, mabano ndani ya mabano.

"Hii ni nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya kuuliza. "Nimempa ngazi, ananirudishia viatu vilivyorundikana nje ya msikiti!"

Bi Shirin alimtazama, akanitazama mimi. "Feli, wewe si umesoma hesabu mpaka ukakonda? Mchukue Mwalimu nyuma."

Kule nyuma, juu ya mgongo wa karatasi iliyoharibika, Mwalimu alinichorea shamba. Kwa Kiingereza sehemu hizi za hesabu, moja ndani ya nyingine, zina jina lake la heshima. Yeye aliziita sehemu za ngazi, na hilo ndilo jina nililolizoea. Chukua shamba, alisema, urefu hatua thelathini na nne, upana ishirini na tano. Kata humo mraba mkubwa kabisa unaoweza. Unapata mmoja, na kipande kinabaki pembeni. Katika kipande hicho kata tena mraba mkubwa kabisa: inatoka miwili, na kipande kinabaki. Kata tena, mmoja. Tena, mitatu midogo. Tena, miwili midogo zaidi, na hapo shamba limekwisha, hakuna hata unyayo uliobaki. Moja, mbili, moja, tatu, mbili. Kisha akaziandika namba hizo kama zinavyotakiwa kuandikwa: moja, jumlisha moja juu ya mstari, na chini ya mstari mbili, jumlisha moja juu ya mstari mwingine, na chini yake moja, na kuendelea, kila mstari umeingia chini ya uliotangulia, zikishuka kuelekea kulia mpaka kwenye mbili ya mwisho iliyosimama peke yake kule chini. Nilikuwa nimefaulu hesabu na sikuwahi kuona kitu kama kile. Shamba zima lilikuwa limesimama kwenye karatasi, na kila mkato ulionekana.

Kwenye kompyuta ya Bi Shirin kulikuwa na programu inayoitwa LaTeX. Iliachwa na Mholanzi mmoja aliyekuja kufundisha kwa kujitolea; alipoondoka aliacha flopi zake na kitabu cha maelekezo kilichotolewa fotokopi mpaka kurasa nyingine zilikuwa kivuli tu. Katika LaTeX huoni unachoandika. Unaandika amri, mstari kwa mstari, halafu unaiambia mashine ipike, unasubiri, ndipo ukurasa unatoka. Ni kama kupika mbege, pombe yetu ya ndizi: unachanganya, unafunika, na habari ya kwamba ulikosea inakuja baadaye. Nilijifunza kwa kukosea. Wiki ile ya kwanza niliandika ngazi ya lile shamba kwa amri ya kawaida ya sehemu, \frac, moja ndani ya nyingine, nikaipika, printa ikalia, karatasi ikatoka. Moja ya juu ilikuwa sawa. Mbili ilikuwa sawa. Moja iliyofuata ilikuwa imesinyaa, na tatu na mbili za chini zilikuwa punje za ulezi. Programu ile iliamini kwamba kilicho ndani ya kingine lazima kiwe kidogo kuliko kilichokibeba. Mimi, kwa ujana wangu, niliona imependeza. Nikampelekea Mwalimu Jumamosi.

Hapa lazima niseme habari ya macho yake, kwa sababu bila hiyo hakuna kisa. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kilichopotea hakirudi na kilichobaki kitakwenda. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Neno moja aliliona vizuri kama lilikuwa kubwa, halafu ilimbidi asogeze karatasi kutafuta linalofuata. Alitaka jambo moja tu. Alitaka kukisoma kitabu chake mwenyewe, kwa macho yake mwenyewe, kabla bomba halijafungwa. Kusomewa hakukutaka. Alikuwa amewasomea watu ubaoni maisha yake yote na alijua tofauti.

Chumba chao cha mbele kule Uru kilikuwa na meza ndefu, makochi yaliyovikwa vitambaa vyeupe, picha ya Moyo Mtakatifu, na debe la kahawa kavu lililozuia mlango usijifunge. Mama Konsesa, mkewe, alikuwa ametenga machalari, ndizi na nyama zimeivia pamoja mpaka mchuzi umekuwa mzito, na tulikula kwanza kwa sababu katika nyumba ile hakuna jambo lililojadiliwa na mtu mwenye njaa. Walikuwa wanazozana kuhusu mibuni. Mama Konsesa alitaka ing'olewe, wapande mboga. Mwalimu alisema hang'oi mti aliopanda baba yake.

"Baba yako hali mboga, yuko kaburini," alisema Mama Konsesa. "Mimi nakula." Akaniongezea ndizi.

Baada ya chakula nilimpa Mwalimu karatasi. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaweka kidole. "Moja," akasema. "Mbili." Kidole kikashuka, kikasimama. Akaileta karatasi karibu mpaka ikagusa pua. Kisha akaipiga juu ya meza, sahani zikaruka.

"Nani kakuambia wa mwisho ni mdogo?"

"Ni programu, Mwalimu, ndivyo inavyo..."

"Programu ni ya wapi? Hapa ni Uru! Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Wengine wanakatiwa vipande vyao wanakwenda, yeye anabaki na shamba la ukoo, kihamba chenyewe, na makaburi. Na hesabu hii unaianza wapi, Felista? Umefaulu, niambie. Unaianza wapi?"

Nilijua. Ukitaka kurudisha ngazi ile kuwa shamba, unaanza chini. Unaichukua mbili ya mwisho, unaigeuza nusu, unaijumlisha kwenye tatu, unageuza tena, unapanda. Usipoiona ile ya chini huna pa kuanzia.

"Chini, Mwalimu."

"Basi. Kipande cha shamba kinapungua. Mtu hapungui. Nataka wote warefu sawa."

Nilishuka mjini nimevimba. Nilimwona mzee mkorofi, na kwenye chumba cha vitunguu nilimsema kwa Bi Shirin mpaka akaniambia ninyamaze, au nimsome Mholanzi. Nikamsoma. Nilipitia kile kitabu cha maelekezo kurasa zile za kivuli, nikiziinamisha kwenye taa, mpaka nikaikuta amri nyingine, \cfrac, iliyotengenezwa kwa ajili ya ngazi peke yake. Ukiitumia hiyo, hakuna kinachosinyaa. Kila namba inasimama kwa urefu wake na ukurasa unalazimika kuipa nafasi. Ilihitaji kifurushi cha ziada, nacho kilikuwa kwenye flopi mojawapo iliyokuwa imeota ukungu. Bi Shirin aliisafisha kwa pamba na manukato yake mwenyewe, akimlaani Mholanzi. Nilipopika tena, ngazi ilitoka ikishuka robo nzima ya ukurasa, mistari yake mizito na namba zake kubwa, na nilibaki nimeishika karatasi ikiwa bado ina joto.

Jumamosi ile Mwalimu hakusubiri chakula. Aliweka kidole juu. Moja. Mbili. Moja. Kidole kilishuka. Tatu. Akasogeza karatasi juu kidogo ili chini ipande kwenye lile bomba lake. "Mbili," alisema. "Konsesa! Njoo, Konsesa, ipo! Mbili hii hapa!" Mama Konsesa alikuja na mwiko mkononi, akaangalia namba asizozijali hata chembe, akamshika mumewe bega, akanishukuru: aika, aika Feli. Nimefundisha wanafunzi wengi tangu wakati huo, wengine sasa ni wahandisi. Sijawahi kumpa mtu kitu kikubwa kuliko ile mbili.

Mwaka ukaenda hivyo. Katikati ya wiki nilichapa, Jumamosi nilipanda Uru na kurasa mpya, akasoma kwa kidole, akanisahihisha kwa ukali. Kulikuwa na ngazi ndefu kuliko lile shamba, na nyingine zisizo na mwisho, ambazo alitaka zishuke mpaka ukingo wa chini wa karatasi na kuishia kwa nukta tatu. Wakati mwingine ngazi moja ilimaliza karatasi nzima. Niliudhika, nikachapa. Polepole nikaacha kuudhika. Nilianza kuzipenda kurasa zile na uwazi wake, na nikaamua, bila kumwambia mtu, kwamba chuoni nitasoma hesabu na si biashara kama nilivyokuwa nimepangiwa.

Desemba, kama kawaida, Wachagga wote wakarudi mlimani. Deo alirudi na gari jeupe. Alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu, yule aliyekuwa akimbebea chaki, na sasa alikuwa mhariri katika idara ya uchapaji ya chuo kimoja Dar. Yeye ndiye angechapisha kitabu. Sikumchukia siku ile. Alimpigia Mwalimu magoti kumwamkia, akamletea blanketi lenye joto, akasifu kazi yangu. Baadaye nilikwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, nikamsikia kwenye benchi la migombani akiongea na mwenzake, kila mmoja na kata yake ya mbege.

"Mzee ana mambo," Deo alisema. "Ukurasa mzima, hesabu moja! Pale ofisini watanicheka."

"Sasa utafanyaje?"

"Ah, nitazibana tu. Hataona."

Wakacheka, na sijui mpaka leo kama Deo alijua alichokisema. Hataona. Nilirudi ndani na ndoo tupu, nikamwambia Mwalimu yote. Akatikisa kichwa. "Deo nimemfundisha mimi," alisema. "Anajua ngazi ni nini." Usiku ule sikumwamini Deo wala sikutaka kumvunja moyo mzee, kwa hiyo kabla ya kumkabidhi Deo flopi niliandika juu kabisa ya faili, mahali ambapo yeyote atakayelifungua lazima apaone: *Usiguse ngazi. Mwandishi haoni maandishi madogo.*

Vitabu vilifika wakati wa masika. Boksi lilikuwa limelowa pembe moja. Mwalimu alikuwa ameoga na kuvaa tai, na Mama Konsesa alikuwa ameondoa vitambaa vya makochi akaweka vya sikukuu. Macho yalikuwa yamebaki kidogo sana, tundu tu, na aliyatunza kwa ajili ya siku ile kama mtu anavyotunza kiberiti wakati wa mvua. Redio tu, hakuna gazeti, hakuna kukodolea. Nilimfungulia boksi. Hakutaka nimtafutie ukurasa. Aliupata mwenyewe kwa kuhesabu majani machache, maana lile shamba lilikuwa mwanzoni kabisa, akasogea dirishani, akaweka kidole.

"Moja," alisema. "Mbili."

Kidole kikasimama. Akasogeza kitabu juu. Akakisogeza chini. Akakigeuza kidogo kwenye mwanga. Mvua ilikuwa inapiga mabati na sisi wawili tulikuwa tumesimama nyuma yake.

"Feli," akaniita taratibu. "Wino umewaishia?"

Niliangalia juu ya bega lake. Zilikuwepo. Zilikuwa punje, zilezile punje za ulezi za karatasi yangu ya kwanza, na ndogo zaidi, maana kitabu chenyewe kilikuwa kidogo. Nikafungua kurasa nyingine, na nyingine. Zote. Kila ngazi katika kitabu kile ilikuwa imekunjwa. Nilimwambia ukweli, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganywa. Mama Konsesa, akijaribu kuokoa siku, alisema si neno, Feli yupo, Feli atakusomea.

Mwalimu alifunga kitabu. "Nisomewe," alisema. "Kumbe nitasomewa." Akalegeza tai, akaenda kulala mchana, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

Nilimpigia Deo kwa simu ya dukani, Bi Shirin amesimama kando yangu mikono kiunoni. Wala hakujitetea sana. Aliniambia kurasa zilizidi, na wakubwa walitaka kitabu chembamba, kwa hiyo alibadilisha amri zote kwa mkupuo mmoja, kazi ya dakika. "Na wanafunzi wana macho mazuri, Felista. Kitabu si cha wanafunzi?"

"Uliona nilichoandika juu ya faili?"

"Niliona," alisema. "Nilidhani unajikumbusha mwenyewe."

Bi Shirin alininyang'anya simu. Alimwambia mambo kwa Kiswahili, alipoishiwa akahamia Kigujarati, na mama mkwe juu ghorofani, ambaye hakujua hata tunagombana na nani, akasaidia. Ilikuwa faraja yangu pekee mwaka ule.

Deo alipanda mlimani baada ya miezi kadhaa na isale na debe la mbege. Mwalimu hakuwa anaona tena hata mwanga wa dirisha. Alilipapasa jani, akalitambua, akalipokea. Hakuuliza hata swali moja. Mimi nilikuwepo, nikapiga kelele mbele ya watu wazima, jambo ambalo halifanyiki. Nilisema jani haliwezi kulipa macho. Nilisema anao muda wa kuchapa upya, faili analo, na afanye hivyo kwanza ndipo aje na majani yake.

"Ukichapa upya, ni kwa macho ya nani?" Mwalimu aliniuliza. "Kaa chini, Feli. Nimechoka."

Nikakaa. Wazee wakanywa mbege. Tangu siku ile watu wamenisimulia upole wa Mwalimu kama somo la dini, na mimi sijawahi kukubali. Nilimpenda mzee yule, na naamini siku ile alikosea. Alisamehe kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu desturi haikumwachia mlango wa pili. Deo aliteremka mlima mwepesi, akapanda vyeo pale chuoni, akawa profesa. Mwalimu aliishi gizani miaka yote iliyofuata. Nilimsomea kitabu chake Jumamosi nyingi, na kila nilipofika kwenye ngazi alikuwa ananyoosha kidole hewani na kushuka nacho.

Wiki iliyopita tulimzika kwenye kihamba, karibu na ile mibuni ambayo Mama Konsesa alikuja kuing'oa nusu, kisha akajifia yeye kwanza. Deo alipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wanafunzi. Mvi zimemjaa. Alisimulia jinsi yeye alivyokitoa kitabu cha Mwalimu, watu wakapiga makofi, na mimi nilishika kiti nisisimame. Kisha akakitoa kitabu chenyewe mfukoni mwa koti, akasema atawasomea lile shamba maarufu la Mwalimu, ili mzee alale akisikia hesabu yake. Akafungua ukurasa.

"Moja," alisoma kwenye kipaza sauti. "Mbili."

Akakisogeza kitabu mbali, urefu wa mkono. Akakirudisha karibu. Akapapasa mfuko wa shati, na mfuko ulikuwa mtupu. Miwani aliiacha garini. Kina mama nyuma yangu wakaanza kulia. "Uchungu umemkaba, maskini," alisema mmoja wao. Mimi sikuwa nalia. Ukurasa ule naujua kuliko sala, ningeweza kumtupia namba zilizobaki kutoka kwenye kiti changu: moja, tatu, mbili. Sikumtupia. Nilimtazama anavyotafuta, mpaka na yeye akainua macho akanikuta katikati ya watu wote wale, na hapo nikajua amejua. Mwongoza ratiba alimshika mkono akamketisha, kwaya ikaimba. Kesho yake ndiyo akaja kwangu na isale.

Kwa siku kadhaa nililiacha kwenye glasi. Kisha nikampigia. Nilimwambia isale nimelipokea, na kwamba mswada wa mkono wa Mwalimu ninao mimi, Mama Konsesa alinikabidhi, umefungwa kwa kamba ileile ya mgomba. Alifurahi. Alisema ataukabidhi kwa vijana wake wa ofisini, wana mashine nzuri, kitabu kitatoka upya kwa heshima.

"Vijana siwataki," nilisema. "Njoo wewe. Na miwani yako."

Amekuja leo. Profesa mzima amekaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, koti amelitundika kwenye kiti, kompyuta yangu mbele yake, na mimi nimekaa kando na mswada mapajani, namsomea kama Mwalimu alivyonisomea. Anachapa polepole, kwa vidole viwili. Tulipofika kwenye lile shamba aliandika ngazi yote bila kusita, akaipika, nasi tukaangalia kioo. Moja, mbili, na baada ya hapo punje. Vidole vyake vilikuwa vimekwenda vyenyewe kwenye amri aliyoizoea.

Aliinama karibu na kioo, akarudi nyuma.

"Futa," nilimwambia. "Anza juu."

"Dada," alisema, "si tuendelee tu hivi mpaka mwisho, halafu nitazibadilisha zote kwa mkupuo mmoja? Ni kazi ya dakika."

"Ulizitoa kwa mkupuo, Deo. Utazirudisha moja moja."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Akafuta alichoandika.

"Haya, soma," alisema.

Hasira ilikuwa bado ipo. Nikamsomea.